Jina la Mtoto wa Somoe

Sogeeni, kisa hiki nakisimulia mara moja tu, kisha kazi ni yenu.

Walikuwepo wanawake watatu. Nyamizi alipanga safari za ndege pale Bukoba. Alijua tabia ya upepo kila mahali. Mwanaidi alikuwa rubani asiyetetemeka mkono. Kemilembe hakusifika kwa lolote. Siku hiyo alikuwa na kiti tu, katika ndege ndogo aliyoikodi na nduguze kwenda Mtwara kumzika mama yake.

Mchana huo simu ililia kutoka Mtwara. Mwanamke aitwaye Somoe alikuwa amejifungua binti hospitalini, na damu ilikuwa haikatiki. Damu ya kundi lake ilipatikana Bukoba tu.

"Kama haitafika kabla ya jua kuzama, msiilete, tutakuwa tumempoteza," daktari alisema.

Kutoka Bukoba hadi Mtwara ni kilomita zaidi ya elfu moja na mia tatu. Ndege hiyo ilizoea kupitia Dar kuongeza mafuta, na kwa njia hiyo ingefika usiku. Nyamizi alitazama upepo, akapata njia iliyonyooka, juu zaidi, ambako upepo wa mbele ni mdogo.

"Ni mwendo wa saa tano angani," alisema. "Lakini matangi yajae, na ndege iwe tupu."

Kemilembe aliuliza, "Hata mimi peke yangu nisipande?"

"Hata wewe, dada. Uwanja wetu ni mfupi, ndege nzito haitapaa."

"Mama anazikwa kesho asubuhi."

Kemilembe akawageukia nduguze. "Shusheni mizigo."

Mwanaidi alipaa na sanduku la damu. Mtwara aliikuta imefunikwa na mvua. Alishuka, hakuona uwanja, akapaa tena. Mafuta yalibaki ya jaribio moja, au ya kufika Lindi.

"Geuka, nenda Lindi," waongoza ndege walimwambia redioni.

"Lindi hakuna mgonjwa wangu," alijibu, akashuka tena. Magurudumu yaligusa lami jua likiwa halijazama.

Somoe alipona, lakini daktari alimwambia hatazaa tena. Akaapa: binti huyu atabeba jina la aliyemwokoa mama yake.

Ugomvi ukaanza wodini.

"Rubani," alisema mumewe. "Ndiye aliyehatarisha roho."

"Rubani analipwa mshahara," mama mkwe alidakia. "Mwiteni mtoto Kemilembe."

"Huyo alishuka tu, mama!"

"Jaribu wewe kushuka, baba, wakati mama yako anaingizwa kaburini."

Muuguzi akacheka. "Na Nyamizi je? Bila njia yake, damu ingefika usiku, na sisi tungekuwa tunalia."

Simu ya Somoe ikaita kwa ujumbe. Nyamizi hakuwa ameandika kitu, wala Mwanaidi. Ulitoka kwa Kemilembe, aliyekuwa bado Bukoba: "Mtoto hajambo?"

Kesho ni siku ya saba, na mtoto lazima apewe jina. Mama ni mmoja, binti mmoja, jina moja.

Nyinyi mliosikiliza, mngemwita nani?