Kofia ya Harusi ya Bwana Chui

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo chui alikuwa bado anapiga hodi kabla ya kukurarua, alikuwepo Pimbi, fundi wa ngozi. Mfupi, mnene, mkia hana. Uani kwake palikuwa na mashimo mawili. La kwanza lilikuwa na maji makali ya majivu: loweka humo ngozi, manyoya yanang'oka yenyewe. La pili lilikuwa na maji ya magome ya mgunga, ya kuifanya ngozi iwe imara, isioze.

Siku hiyo Pimbi alikuwa anakwangua ngozi, kwaru! kwaru! Mara:

"Hodi!"

"Karibu, Bwana Chui! Nikushonee viatu?"

"Kofia. Harusi ya Simba ni leo jioni. Nataka ya manyoya laini, ngozi ndogo, nene nene." Chui akamtazama kichwani, tumboni, kichwani tena. "Kama hiyo uliyovaa."

"Lakini mimi sijavaa ko..."

Lo! Kisu kikamponyoka, pwa! Miaka yote anawamba ngozi za wenzake, hakuwahi kukumbuka kwamba na yeye anayo!

"Usihofu, fundi," Chui akasema kwa upole. "Wakiniuliza, nitawaambia kazi ni yako."

Pimbi akatupa jicho mlangoni. Mlango wa nyumba yake, mwanya mwembamba kwenye jiwe, ulikuwa nyuma ya Chui.

"Nimekubali, bwana. Ila... niseme, au niache?"

"Sema!"

"Kofia mpya juu ya koti hilo? Vumbi! Kupe! Tena unanuka mbuzi wa juzi. Bibi harusi si atazimia?"

Chui akajinusa kwapa. "Mama yangu! Kweli!"

"Basi jiloweke shimoni, mimi ninoe kisu. Lakini usiingie hilo la magome! Litakupaka rangi, madoa yote yapotee."

"Toba! Madoa yangu!" Chui akaruka mbali, chubwi! Kwenye maji ya majivu.

"Fundi, mbona yanawasha?"

"Uchafu unaaga."

"Yanauma!"

"Huo ni uchafu sugu. Vumilia, harusi ya mfalme hiyo."

Jua lilipopinda, Chui akatoka, akajikung'uta, prrrr! Koti lote likadondoka chini, pwata!

Pimbi akashika mdomo. Salaale! Mnyama mzima, mwekundu, mtupu kama kinda la panya! Ufundi wake wote, hakuwahi kuona.

"Mbona kuna baridi?" Chui akauliza. Akachungulia majini. "Wee! Nani huyu?"

"Mgeni wa harusi," Pimbi akajibu. Tayari yumo ndani ya mwanya wa jiwe.

Chui akanguruma, akachakura jiwe, wapi! Mara akasikia vicheko njiani: fisi na wake zao, wamependeza, wanaelekea kwa Simba. Akajiziba mbele, akajiziba nyuma, mikono haitoshi.

"Pimbi! Ndugu yangu! Nisitiri!"

"Nikupimie kofia?"

"Nipe shuka, Pimbi! Shuka!"

Hadithi yangu imelowa, naianika hapa: ukipanga kumchuna mtu, usimkubalie akuogeshe.