Mzinga Uliowaacha Wenzake

Sogeeni karibu, na mwenye deni la usingizi alilipe kesho.

Mzee Luhende, mrina asali wa misitu ya Sikonge, alikuwa na watoto watatu, na kila mmoja alizaliwa na lake. Nyamizi, binti mkubwa, alikuwa na jicho: mwaga maharage kwenye ungo, na kabla hujaketi ameshakuonyesha punje isiyofanana na nyingine. Mihambo alikuwa na ubishi: ukimwambia jua limechomoza, atatoka nje kuhakikisha, kisha atatoka tena. Kalunde, kitinda mimba, alikuwa na sikio: alimtambua mgeni kwa kikohozi akiwa bado ng'ambo ya mto. Luhende mwenyewe, aliyekula vumbi la Mpanda mpaka Kigoma, alisema kipaji chake ni miguu, maana kichwa alikisahau njiani.

Jambo moja tu alijivunia. Alirina kwa mkono mtupu, bila moshi. Nyuki wananijua, alikuwa akisema, na wengine wananihurumia.

Mwaka huo alitangaza kwamba anapumzika. Kwao sega la kwanza la msimu halikatwi vipande. Hulila mtu mmoja, na alilaye ndiye hurithi mizinga. Mzee akasema atampa yule atakayemfaa kuliko wote siku ya kurina. Watoto wakaitikia ndiyo, huku kila mmoja akimtazama mwenziwe kwa pembe ya jicho.

Mizinga ilikuwa saba, imening'inizwa kwa kamba zilizopitishwa juu ya matawi. Haishushwi ikiwa na asali, masega yasije yakakatika; mrinaji ndiye hupanda. Lakini kwanza hufungwa tenga kwenye ncha ya pili ya kamba, likatiwa mawe ya ukubwa wa kichwa cha mtoto mpaka mzinga unyanyuke kidogo. Mawe mengi, asali nyingi. Walipima, na chini ya kila mzinga wakapanga mawe yake mstari. Kumi. Kumi na moja. Kumi. Kumi na mbili. Kumi na moja. Kumi tena. Wa saba, ishirini na moja.

Luhende akaruka kama kijana, akatua kama mzee. Baraka hiyo, alisema, akakunja mikono ya shati na kuukumbatia mti.

Nyamizi hakuwa akitazama mti. Alikuwa akitazama mistari ya mawe.

"Baba, shuka kwanza. Hii sita inatembea pamoja kama ndugu. Huu wa saba umewaacha mbali mno. Maua ni yaleyale, mvua ni ileile. Huo uzito umetoka wapi?"

Mzee akashuka, akakuna kichwa. Basi mmehesabu vibaya, alisema. Ifuteni namba hiyo, tuseme kumi na moja kama wenzake, tuendelee. Akaushika mti tena.

Mihambo akamshika mguu. Hakuna kufuta kitu kabla ya kupima upya. Akaipaka kamba mafuta isije ikawa inakwama, akayatupa yale mawe, akaleta mawe ya mzinga wa sita na kuongezea mengine ya ukubwa uleule. Ishirini na moja. Akapima tena, kwa sababu ni Mihambo. Ishirini na moja.

"Namba haina kosa, baba. Kilicho tofauti ni mzinga wenyewe."

"Si ndiyo nilivyosema tangu mwanzo? Asali!" Na mzee akapanda, safari hii hakuna wa kumshika.

Mkono ulikuwa umebakiza shubiri moja kufika mdomoni mwa mzinga pale Kalunde aliposema, kwa sauti ya chini, "Baba, hiyo mingine inaunguruma. Huo umenyamaza. Ndani hamna nyuki."

Luhende akauvuta mkono. Akavunja kitawi, akaugonga mzinga. Kikatoka kichwa, taratibu, kama mwenye nyumba anayekuja kuona ni nani anabisha hodi. Kisha shingo. Kisha mwili mnene kama paja, bila kwisha. Chatu. Kifuniko cha nyuma kilikuwa kimeoza, nyuki wamehama, naye kahamia na tumbo lake limeshiba.

Mzee hakujua alifikaje chini. Chatu akateremka kwa upande wake, akaingia msituni, na hakuna aliyemsindikiza. Luhende alikaa chini ya mti. Alikuwa akiukunja na kuukunjua mkono wa kulia, kama mtu aliyerudishiwa kitu asichokumbuka kuazimisha.

Mizinga sita ikarinwa kwa moshi. Sega la kwanza likatoka, zima.

"Nisingeuona, nani angeuliza?" alisema Nyamizi.

"Uliuona, na baba akataka kuifuta namba," alisema Mihambo. "Mimi ndiye niliyeiokoa."

"Ukaiokoa, naye akapanda akidhani ni asali," alisema Kalunde. "Nyie mlijua mzinga ni tofauti. Mimi nilijua ni hatari."

"Na nani alikuonyesha mzinga wa kutegea sikio, mdogo wangu?" aliuliza Nyamizi.

Luhende alisimama katikati yao, sega mkononi, asali ikimchuruzika mpaka kiwikoni, kwenye mkono uleule. Sisimizi walishaanza kufika.

Haya, wewe unayesikiliza: sega halikatwi, na sisimizi wanaupanda mkono wa mzee. Ungemshauri amkabidhi nani?