Kwa Nini Mtemi Anayeng'atuka Huwataja Wengine

Mmeniuliza kwa nini mtemi akiachia kiti husimama, akataja majina ya watu, kisha akaketi bila kusema lake. Haikuwa hivyo tangu mwanzo.

Zamani mtemi aliyeng'atuka alisimulia maisha yake mwenyewe mbele ya watu wote, na ilikuwa mwiko kuinuka kabla hajamaliza. Wengi walisema kidogo, watu wakarudi mashambani. Ndipo ikafika zamu ya Malugu.

Malugu alitawala vizuri, hakuna anayelibishia hilo. Lakini alianza na siku aliyozaliwa, na jinsi mkunga alivyostaajabia ukubwa wa kichwa chake. Akasimulia karamu zote alizoalikwa, na kila aliyemsifu huko. Jua likazama, akawaita tena kesho yake, na kesho kutwa. Watu walisinzia macho wazi, huku ndege wakiushukia mtama uliokomaa.

Mbele kabisa aliketi mdogo wake, Shigela, mgonjwa, akiegemea bega la mkewe Nshoma. Ujanani, wakati wa vita, ndiye aliyembeba Malugu mgongoni, mguu umechomwa mkuki, wakavuka mto uliofurika. Baridi ya maji yale ilimwachia kifua kibovu hadi uzeeni.

"Akifika mtoni atanitaja," alimnong'oneza mkewe.

Malugu akafika mtoni. "Nilivuka peke yangu," alisema.

Shigela aliinamisha kichwa. Nshoma akasimama, mwiko au si mwiko.

"Shemeji, niruhusu nimrudishe mdogo wako nyumbani."

"Keti, Nshoma. Bado sijafika pazuri."

Hakuketi. Alimwinua mumewe wakaondoka taratibu, na hakuna aliyethubutu kuwafuata.

Kesho yake Malugu alimaliza. Akatazama huku na huku, akiutafuta uso wa mdogo wake.

"Shigela amesemaje?"

"Amefariki alfajiri, Mtemi," mzee mmoja akamjibu. "Hakusema kitu."

Malugu alikwenda mbio kwa mguu wake mbovu. Alipiga magoti kando ya maiti, akaanza kusimulia upya habari za mto, safari hii kama zilivyokuwa. Nshoma alimsikiliza hadi mwisho.

"Yote ni kweli," alimwambia. "Ungeyasema jana."

Na tangu siku hiyo, mtemi akiachia kiti huwataja waliombeba, wangali hai na masikio yao yanasikia, kisha huketi. Ni desturi njema. Ila yule aliyestahili kutajwa wa kwanza hakusikia jina lake likitajwa.