Mbiu ya Leo Haimkamati wa Jana

Mbiu ya leo haimkamati wa jana. Mnaisema kama kasuku, kisha mnakuja kuniuliza imetoka wapi! Haya, kaeni. Na wewe Rukia, weka simu chini. Methali hii ilianza hivi.

Zamani, katika mji wa Kijichweni, amri haikuwa amri mpaka pembe ilie na mpiga mbiu aitangaze mtaa kwa mtaa. Ijumaa moja mbiu ikalia: chemchemi inakauka, ni marufuku kukata mikindu inayoizunguka. Atakayekata atachapwa viboko na kufukuzwa mjini.

Kesho yake askari wakamkuta Bi Mize, mjane msuka mikeka, ana matita ya ukindu, yale majani ya mikindu ya kusukia, barazani kwake. Wakamkamata, wakampeleka yeye na ukindu wake mbele ya baraza la mji. Maskini, alilia kweli. "Nimezaliwa hapa, nimemzika mume wangu hapa. Niende wapi?"

Diwani, mtawala wa mji, alikwisha kuamua achapwe na kufukuzwa. Lakini kadhi alikuwa mtu wa kuulizauliza, kama nyinyi. Akaushika ukindu, akaunusa, akaukunja.

"Mize, uliukata lini?"

"Jumatatu, kadhi. Nikauanika, nikautia rangi, nikauanika tena."

Kadhi akawageukia wanawake waliokuja kusikiliza. "Ukindu uliokatwa jana unakuwaje?"

"Mbichi!" wakajibu. "Huu umekaa juani siku nne, tano."

"Jana, Jumatatu, kuna tofauti gani?" Diwani akafoka. "Maji yamepungua vilevile!"

"Mola mwenyewe haadhibu watu kabla ya kuwapelekea mjumbe," kadhi akasema. "Sisi ni nani?" Kisha akaugusa mkeka aliokalia Diwani. "Na huu, wa harusi ya binti yako mwaka jana, nani aliagiza ukindu wake ukakatwe chemchemini?"

Lo! Mkeka ule aliusuka Mize, na aliyemtuma ni Diwani.

"Mbiu ikianza kurudi nyuma," kadhi akasema, "haitaishia kwa Mize."

Diwani akautazama mkeka. Akainuka, akasimama nje ya mkeka. "Mfungueni. Akikata tena, hapo tutaonana."

Mize akarudi kwake na ukindu wake, na pale chemchemini hakukata tena.

Rukia anasema chuoni kwao wanafundishwa kwamba hata sheria za Wazungu zina kanuni hiyo. Vizuri sana. Ila mwulize mwalimu wako, mwanangu, maana nami nataka kujua: wao nani aliwaonyesha mkeka waliokalia, mpaka wakakubali kwamba mbiu ya leo haimkamati wa jana?