Barabara Muulize Aliyekaa Nyuma

"Barabara muulize aliyekaa nyuma." Ndivyo Mama Mkunde, mkuu wa wapishi, alivyowaambia leo asubuhi, nyinyi vijana wa kamati ya harusi, mkabaki mnatazamana. Mmechagua mahali pa kuweka mafiga bila kuwauliza wapishi, sasa moshi wote unawaingia machoni, halafu mnashangaa kusemwa! Haya, sogeeni. Endeleeni kumenya hizo ndizi huku mnasikiliza, masikio hayashiki kisu. Methali hii ilianza hivi, tena ilianzia hapahapa kwetu, milimani Upare.

Palikuwa na bwana mmoja mwenye pikapu ya bluu, jina lake Eliamini. Gari lilikuwa kuukuu, lakini yeye aliliosha kila Jumamosi utadhani linakwenda kubatizwa. Mkewe, Nakijwa, ndiye aliyekuwa akiongoza nyimbo katika kwaya ya usharika. Sauti ile, jamani! Eliamini mwenyewe alikuwa akisema waziwazi kwamba aliipenda sauti kabla hajaiona sura. Watu walimcheka, naye wala hakujali.

Kila mwaka kwaya iliteremka mjini Same kwa mashindano, na usafiri ulikuwa pikapu ile. Mbele walikaa Eliamini na Mchungaji, nyuma wakabanana waimbaji wote. Sasa shokapu, zile bomba za chuma zinazolituliza gari lisirukeruke, zilikuwa zimekufa siku nyingi. Mwaka mmoja, kwenye kona ya mwisho, gari liliruka shimo, na Nakijwa akajing'ata ulimi. Alipopanda jukwaani, "Haleluya" ikatoka "Hayeyuya". Ukumbi mzima ukaangua kicheko, kwaya ikashika mkia.

Nakijwa alilia njia nzima ya kurudi. Alipofika nyumbani akamwambia mumewe, "Baba Namsifu, kwenye pikapu yako sipandi tena. Mwakani mtaimba bila mimi."

Maneno hayo yalimchoma Eliamini. Kwaya bila Nakijwa ni ugali bila mboga, na aliyekuwa ameshika usukani ni yeye. Mashindano ya mwaka uliofuata yalipokaribia, akaamua kubadilisha shokapu. Akateremka peke yake hadi kwa Fundi Shechambo, aliyekuwa na gereji na duka la spea pamoja.

"Nipe shokapu ngumu kuliko zote," akasema.

"Unabeba nini, mzee wangu?"

"Wewe nipe ngumu. Barabara yetu si unaijua?"

Fundi akafunga alichoambiwa. Eliamini akapanda mlima akiwa peke yake garini, amekalia mto mnene wa sufi alioshonewa na mkewe. Aa, raha! Kwenye kona gari halikulala hata kidogo. Akaingia kijijini akipiga honi, akawakusanya wanakwaya, akambembeleza Nakijwa mpaka naye akakubali kujaribu, shingo upande. Wakaenda hadi shuleni na kurudi.

Eliamini akamgeukia Mchungaji pale mbele. "Mchungaji, barabara umeionaje?"

"Imelainika! Bwana asifiwe!"

Eliamini akashuka meno yote nje. Lakini nyuma hakuna aliyecheka. Wa sauti ya pili walikuwa wameshika viuno. Mzee Kibacha wa besi alikuwa akiyakagua meno yake kwa kidole, moja baada ya jingine. Nakijwa alishuka polepole, akajifunga khanga vizuri kiunoni.

"Mwaka huu nakwenda Same kwa miguu," akasema.

"Mama Namsifu! Shokapu mpya hizi! Mchungaji mwenyewe amesema barabara imelainika."

"Mchungaji amekaa wapi?"

"Mbele."

"Na wewe umekaa wapi?"

"Mbele," akajibu Eliamini, sauti imeshaanza kushuka.

"Na anayeimba anakaa wapi?"

Nakijwa akaonyesha nyuma ya pikapu kwa kidole. "Baba Namsifu, barabara muulize aliyekaa nyuma. Panda. Mchungaji, wewe unajua kuendesha, tupeleke."

Angekataaje mbele ya kwaya nzima? Akapanda. Gari lilipoondoka, mkewe akamwambia, "Haya, imba." Eliamini akaanza, "Ha-a-a-le-e-e," na kila jiwe likamkata neno vipande. Hawajafika hata korongo la pili, akawa anagonga paa kwa viganja vyote viwili: "Simamisha, Mchungaji! Simamisha, nakufa!" Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Nakijwa naye akacheka, na tangu mwaka uliotangulia mumewe hakuwa amekisikia kicheko kile. Eliamini akasahau kiuno chake, akacheka pia.

Kesho yake wakateremka Same wote, taratibu sana. Fundi Shechambo aliposikia wanaobebwa ni waimbaji, akapiga makofi. "Lahaula! Hizo ni za kubebea mawe, na jiwe haliimbi!"

Akawafungia laini kabisa. Wakapanda, Mchungaji akashika usukani, Nakijwa akatoa sauti moja ndefu, wenzake wakaipokea. Gari likayumba huku na huku, sauti ikalewa, na Mzee Kibacha akaangukia miguuni pa wa sauti ya pili. Hapana, hizo hazifai. Fundi akazitoa, akafunga nyingine, za kati.

Safari hii Nakijwa alifumba macho. Sauti ilitokea getini pa gereji, ikapita juu ya makorongo ya mtaa ule, ikafika relini haijakatika wala kutikisika. Wauza vitunguu waliacha meza zao wakapiga vigelegele. Eliamini, aliyebanwa nyuma katikati ya besi, machozi yalimlengalenga kwa furaha.

"Vipi mzee, ndizo hizi?" fundi akamuuliza.

Eliamini akafungua mdomo, akaufunga, kisha akamgeukia mkewe. "Mama Namsifu, ndizo hizi?"

"Ndizo," akasema Nakijwa. "Na siku ya mashindano napanda."

Siku hiyo walishuka mlima wakiimba mwanzo mwisho. Jukwaani, "Haleluya" ilitoka nzima, na ukumbi uleule uliomcheka Nakijwa ukasimama. Walikuwa wa pili, lakini ungewaona ungedhani wamepewa mbingu. Walipofika nyumbani, Mchungaji akachungulia dirishani mwa gari akauliza, "Wapendwa, barabara ilikuwaje?" Eliamini ndiye aliyewahi kujibu: "Mchungaji, barabara muulize aliyekaa nyuma!" Nyuma wakapiga vigelegele, na neno likabaki nasi mpaka leo.

Basi wekeni visu chini. Nendeni kwa wapishi, mkawaulize mafiga yakae wapi, nanyi muyabebe wenyewe. Wali wa harusi watapika wao, na moshi wanaumeza wao. Barabara muulize aliyekaa nyuma.