Jina la Godoro Kavu

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi ajiegemeze ukutani, maana hadithi hii ni ya watu waliochoka.

Walikuwapo wanawake watatu. Bi Mize alikuwa na pua isiyodanganyika. Binti yake, Salha, alikuwa na mikono isiyojua kukataa kazi. Jirani yao, Bi Sichana, aliujua moto. Makaa yake hayakuzimika wala hayakuunguza chungu.

Masika yale mvua ilinyesha mpaka watu wakachoka kuilalamikia. Majani ya maboga yaliingia unga mweupe yakajikunja, mikeka ikaota koga, nguo zikanuka uvundo sandukuni. Kazija, mkwe wa Bi Mize, alijifungua mtoto wa kike katikati ya adha hiyo. Mtoto alikohoa mchana kutwa, kifua kimembana, na mama yake akambeba huku akisinzia wima.

Asubuhi moja Kazija akashindwa, akasema mbele yao wote: "Atakayenipa pa kulala pakavu, mtoto huyu nampa jina lake."

Ulisema uchovu, si yeye. Jina alikuwa nalo tangu mimba ikiwa changa, jina la marehemu mama yake. Lakini neno lilikwisha kutoka, na watatu wamelisikia.

Bi Mize akainama kitandani, akanusa. Akasema ugonjwa wa mtoto umo godoroni. Walipoligeuza godoro la sufi, upande wa chini ulikuwa kijani kwa koga.

Salha akalipasua. Alichambua sufi konzi kwa konzi, akatupa iliyooza, akafua kitambaa kwa ndimu na chumvi mpaka vidole vikachubuka. Alitamani mtu amwambie apumzike, hakutokea.

Bi Sichana akaitandaza sufi iliyosalia kwenye sinia juu ya makaa. Cheche moja tu ingetosha kuiteketeza nyumba. Akakaa nayo, anaigeuza, macho mekundu kwa moshi, hadi ikakauka.

Godoro likashonwa. Mtoto akalala akipumua vizuri, na mama yake pembeni. Kazija alipoamka aliwakuta watatu wanabishana kwa kunong'ona.

"Bila pua yangu mngekuwa mnampaka mafuta mpaka leo," alisema Bi Mize.

"Mama, kunusa hakukaushi godoro," alijibu Salha.

Bi Sichana akasema yeye hata si ndugu yao, na macho yaliyoungua ni yake.

Siku ya kumpa mtoto jina ikafika. Mwalimu wa chuo cha Kurani alimpakata, akauliza ataitwaje. Watatu wakamtazama Kazija, wawili kati yao lazima waumie, na wote ataendelea kuishi nao. Mama yake tu, huko kaburini, hakudai kitu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alitamani kulia. Alitamani arudi kulala. Akafumbua kinywa.

Ninyi mnaonisikiliza, ambao jana mlilala pakavu: kinywa kile kingekuwa chako, ungetaja jina la nani?