Mbuzi wa Banda la Chini

Mtafiti mmoja wa chuo alikuwa na mbuzi arobaini na swali moja: je, majani ya mlusina, mti wa malisho, yanaweza kumvusha mbuzi kiangazi? Jibu likiwa ndiyo, chuo kingegawa miche katika vijiji vyote vya ukame. Mtafiti huyo aliitwa Daktari Nsia. Aliwagawa mbuzi wake makundi mawili. Wa banda la juu walipewa nyasi kavu na majani ya mlusina. Wa banda la chini, nyasi kavu tu. Kila Jumatatu wote walipimwa uzito ili tofauti ionekane.

Mlishaji alikuwa Chilongola, mtu aliyekulia zizini katika kimojawapo cha vijiji hivyo. Aliambiwa asizidishe wala asipunguze. Kwa nini, hakuambiwa. Daktari alimwona mtu wa kubeba nyasi tu, na asiyejua maana haambiwi maana.

Wiki ya tatu mbuzi wa banda la chini walianza kutoka mbavu. Wasingekufa, wangekonda tu. Hilo nalo Chilongola hakuambiwa. Kila alipopita na majani ya wenzao walijipanga ukutani wakalia. Mfugaji gani atavumilia sauti hiyo? Yeye alivumilia siku mbili. Siku ya tatu alificha majani chini ya nyasi kavu, akawapa, na moyo wake ukatulia. Akafanya hivyo kila asubuhi kwa miezi mitatu. Watu husema wema hauozi.

Siku ya mwisho mbuzi wa juu na wa chini walilingana uzito. Daktari Nsia alipima mara ya pili, akapekua daftari lake, kisha akaandika kile mizani ilichosema: majani ya mlusina hayana faida. Miche elfu sita iliyokuwa kitaluni ikang'olewa, mahali pake pakapandwa maua.

Kiangazi kilichofuata kilikuwa kikali. Chilongola alikwenda kwao likizo, akakuta zizi la dada yake Mbeleje liko wazi, mlango wake umekuwa kuni. Mbuzi kumi na wanane, hakubaki hata mmoja. Dada hakumlaumu mtu. Alisema tu kwamba walisikia kuna miche itakuja, wakachimba mashimo, na haikuja. Mashimo yalikuwa bado yapo, yamejaa vumbi.

Chilongola alirudi chuoni, akasimama mlangoni pa daktari, akaeleza yote. Alisema aliwahurumia mbuzi wa chini kwa sababu walikuwa wanalia.

Daktari Nsia alifunga daftari lake. "Walikuwa wanalia kwa niaba ya mbuzi wa dada yako, Mzee Chilongola," akasema. "Nami sikukwambia."

Basi, nyinyi mliopewa kulisha, na nyinyi mliopewa kujua: ni yupi kati ya hawa wawili anayeweza kusimama mbele ya mashimo yale akasema, si mimi?